Vita Vilipofika Ufipa kwa Sauti Moja

Novemba 2, 1978, Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa kwamba Tanzania ilikuwa na kazi moja tu, kumpiga Idi Amin wa Uganda, na kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga vyote vipo. Waliokuwa na umri wa kusikiliza siku ile wanaikumbuka hotuba hiyo hadi leo. Huko Kagera, ambako majeshi ya Amin yalikuwa yamekwishavuka mpaka na kuchoma nyumba, watu hawakuhitaji redio kujua kwamba kuna vita. Sumbawanga, huku Ufipa, ilikuwa habari nyingine. Ukipima ramani kwa rula, kutoka Sumbawanga hadi daraja la Kyaka ni zaidi ya kilomita 700. Hakuna mzinga uliosikika Laela wala Namanyere, na aliyepanda kilele cha milima ya Mbizi hakuona moshi wowote. Kila alichokijua Mfipa kuhusu vita vya Kagera alikijua kwa kuwa redio ilisema.

Na redio ilikuwa moja. Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ilikuwa mali ya serikali, chini ya wizara, kwa masafa ya kati na masafa mafupi. Magazeti ya Uhuru na Daily News yalikuwa ya chama na ya serikali, na yalipopanda lori kwenda nyanda za juu yalifika habari ikiwa imeshapoa. Televisheni haikuwapo kabisa Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970 na Uganda tangu 1963, lakini serikali ya Mwalimu iliiona ni anasa ambayo ingeongeza pengo kati ya mjini na kijijini. Bara ilisubiri hadi 1994 ndipo kituo binafsi cha ITV kikaanza kurusha matangazo.

Kwa hiyo vita vikubwa kuliko vyote ambavyo nchi hii imepigana tangu uhuru vilimfikia mtu wa Ufipa kwa njia ya spika ndogo ya redio, na betri zilipochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Leo vita vinaonyeshwa kwa rangi katika sebule na vibanda umiza vya mjini Sumbawanga, kwa chaneli nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzimaliza. Swali ni lile lile la 1978: mtu aliye mbali na uwanja wa vita anaonyeshwa nini, anafichwa nini, na nani ameamua?

Sauti iliyostahili heshima

Tuanze kwa kutoa haki. RTD ya 1978 haikuwa redio dhaifu. Kwa miaka mingi ilikuwa imewapa vyama vya ukombozi, FRELIMO, ANC, SWAPO na vingine, nafasi ya kuzungumza na watu wao walio chini ya ukoloni na ubaguzi. Watangazaji wake walijua nguvu ya neno. Sauti ya Ben Kiko akiripoti habari za vita bado imo masikioni mwa wengi.

Vita vya maneno vilikuwa vimeanza mapema kuliko vya mizinga. Mwaka 1972, baada ya wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kuingia Uganda kutokea Tanzania na ndege za Amin kupiga Bukoba na Mwanza, nchi hizi mbili zilikubaliana Mogadishu, mwezi Oktoba, kurudisha nyuma majeshi yao. Mapatano hayo yaligusa pia utangazaji: pande zote mbili ziliahidi kuacha propaganda ya uhasama kupitia redio, televisheni na magazeti. Waliokaa mezani Mogadishu waliona wazi kwamba kipaza sauti kinaweza kuwasha moto kama bunduki. Ahadi hiyo haikudumu.

Oktoba 1978 Radio Uganda ilidai kwamba Tanzania ndiyo iliyovamia. Siku chache baadaye, Amin alipotangaza kulitwaa eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, redio hiyo hiyo ilijigamba kuwa ushindi umepatikana kwa dakika 25. Hakuna aliyeruhusiwa kuuliza ndani ya Uganda ni vipi nchi iliyovamiwa iliteka ardhi ya mwenzake kwa kasi hiyo. Uganda ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, lakini picha hazikumwongezea mtazamaji wa Kampala ukweli wowote. Mwenye kituo alikuwa yule yule mwenye jeshi.

RTD ilijibu kwa nyimbo, mashairi, maoni makali na jina la nduli ambalo Amin hakulivua tena katika kinywa cha Mtanzania. Ilifanya kazi iliyohitajika. Iliwaita mgambo, ikawahimiza wananchi kuchangia mifugo na chakula, ikawaeleza wakulima wasiowahi kufika Bukoba kwa nini ardhi ya Wahaya ni ardhi yao pia. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 liliongezeka hadi zaidi ya 100,000 kwa muda mfupi, na katika kundi hilo walikuwamo vijana wa kila mkoa. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 ilisimama kama mtu mmoja, na redio ilikuwa na sehemu kubwa katika hilo. Heshima hiyo haipaswi kupunguzwa.

Yaliyoachwa nje ya taarifa ya habari

Lakini redio iliyoweza kuwaita watu vitani ilikuwa na deni la kuwaeleza watu hao vita vinakwendaje. Hapo ndipo ukimya ulipoanza.

Jambo la kwanza lililofunikwa lilikuwa ni nani anayepigana ndani ya Uganda. Januari 1979 wanajeshi wetu walivuka mpaka na kuiteka Mutukula. Februari 24 Masaka ikaanguka. Machi wakapambana na askari wa Amin na Walibya waliomsaidia huko Lukaya. Kwa muda mrefu kauli rasmi ilikuwa kwamba waliokuwa wakisonga mbele ni wapiganaji wa Uganda wenyewe. Mwalimu alieleza kwamba kulikuwa na vita viwili, kimoja cha Watanzania kuilinda nchi yao na kingine cha Waganda kumwondoa dikteta. Ilikuwa na sababu yake: Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza nchi moja kuingilia nyingine, na Nigeria na Sudan zilikuja kuilaumu Tanzania hadharani kwenye mkutano wa Monrovia Julai 1979. Hata hivyo, mzazi ambaye mwanawe alikuwa njiani kwenda Kampala alikuwa na haki ya kujua kwamba mwanawe yuko njiani kwenda Kampala.

Jambo la pili ni yale ambayo jeshi letu lilitenda. Kwa hasira ya walichokiona Kagera, askari waliibomoa Mutukula kwa tingatinga na raia waliuawa. Mwalimu alipopata habari alishtuka, akaagiza kwamba raia na mali zao wasiguswe. Masaka nayo ilibomolewa kwa kulipiza kisasi. Haya yalikuja kuelezwa kwa kirefu katika kitabu cha waandishi wawili Wamarekani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam, Tony Avirgan na Martha Honey, kilichotoka 1982. Mwananchi wa kawaida alibaki na filamu ya Vita vya Kagera ya 1980, iliyosimulia ushujaa. Ushujaa ulikuwa wa kweli. Lakini agizo la Mwalimu la kuwalinda raia wa adui lilikuwa jambo la fahari kuliko nyimbo nyingi za vita, na halikuweza kutangazwa, kwa kuwa kulitangaza kungekuwa kukiri kosa lililolisababisha.

Jambo la tatu lilimgusa kila mtu Ufipa kila siku, nalo ni gharama. Vita viligharimu kiasi kinachokadiriwa kufikia dola milioni 500, katika nchi iliyokuwa imepoteza Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977 na ikapambana na kupanda kwa bei ya mafuta 1979. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Watu walifunga. Sabuni ikaadimika, sukari ikaadimika, chumvi na mafuta ya taa vikawa vya foleni. Miezi 18 ikapita. Redio haikutangaza kwamba imekwisha, wala haikueleza kwa nini haikwisha. Mkulima wa Ufipa aliyekuwa na mahindi ghalani lakini hana sabuni ya kufulia aliachwa akisubiri tangazo ambalo halikuja. Mwaka 1983 serikali ilipoanza kuwakamata wahujumu uchumi, wengi walikuwa tayari wamejitengenezea maelezo yao wenyewe ya nani aliyekula nchi. Lisemwalo lipo, na lisiposemwa na redio husemwa na kijiwe.

Waandishi wa nje nao hawakuwa na njia rahisi ya kuona kwa macho yao. Aprili 1979 waandishi wanne wa Ulaya, Waswidi wawili na Wajerumani wawili, walivuka Ziwa Victoria kwa mtumbwi ili kuiona Uganda ya siku za mwisho za Amin. Askari wa Uganda waliwaua walipofika ufukweni. Kampala ilitekwa siku hizo hizo, na Aprili 11 Luteni Kanali David Oyite-Ojok, kamanda wa Waganda waliompinga Amin, alikalia kipaza sauti cha Radio Uganda kutangaza kuwa utawala wa Amin umekwisha. Kituo kilikuwa kile kile, mitambo ile ile. Kilichobadilika ni mwenye funguo.

Ng'ambo ya ziwa

Watu wa Ufipa wanaijua bei ya habari inayochelewa. Novemba 13, 1918 kikosi cha Wajerumani cha Paul von Lettow-Vorbeck kiliingia Kasama, siku mbili baada ya mapigano kusitishwa Ulaya, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemfikishia habari. Novemba 25 ndipo kiliposalimisha silaha Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala, upande wa pili tu wa mpaka wa Kalambo. Wapagazi wa Kiafrika walibeba mizigo ya vita ambavyo vilikuwa vimekwisha.

Miaka zaidi ya 80 baadaye vita vilisogea tena karibu. Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50. Ng'ambo ya Kirando na Kipili kuna Moba. Ng'ambo ya Kasanga kuna Moliro. Machi 2002, wakati Wakongo wakijadiliana amani huko Sun City, Afrika Kusini, waasi wa RCD-Goma waliiteka Moliro. Serikali ya Kinshasa ikasitisha ushiriki wake katika mazungumzo. Kila upande ulikuwa na simulizi yake kuhusu nani aliyeanza. Machi 19 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1399 likilaani utekaji huo na kuitaka RCD-Goma iondoke. Kijiji kilichokuwa mbele ya macho ya wavuvi wa Kalambo kilikuwa kimeitikisa meza ya amani ya nchi nzima.

Kabla ya hapo Kongo ilikuwa imeonja sumu ya utangazaji wa vita. Agosti 1998, vita vilipoanza upya, redio ya Bunia ilirusha wito wa kuwataka wananchi wachukue mapanga, mikuki na majembe kuwashambulia Watutsi wa Rwanda. Maneno ya Abdoulaye Yerodia Ndombasi, aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Kongo, katika mwezi huo yalimfanya jaji wa Ubelgiji atoe hati ya kumkamata mwaka 2000, na shauri likafika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo 2002 iliamua kwamba kinga yake ya uwaziri wa mambo ya nje ilikuwa imekiukwa. Dawa iliyopatikana haikuwa ukimya. Februari 25, 2002, wiki chache kabla ya Moliro, Umoja wa Mataifa na shirika la Fondation Hirondelle walianzisha Radio Okapi, kwa Kifaransa na lugha nne za Kongo, Kiswahili ikiwamo. Nguvu yake ilikuwa kwamba Mkongo wa upande wa serikali na wa upande wa waasi walisikia taarifa moja.

Chaneli nyingi, funguo chache

Leo mtu wa Sumbawanga ana king'amuzi na simu. Anaweza kuhama kutoka TBC kwenda Azam, kutoka Azam kwenda Al Jazeera au Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle. Wingi huu ni neema, lakini usitulevye. Kamera ya vita hufika mahali kwa sababu kuna aliyeiruhusu ifike. Mwenye helikopta, mwenye kibali na mwenye kituo cha ukaguzi barabarani ndiye mhariri wa kwanza wa picha zote tunazoziona.

Angalieni jirani zetu. Januari 2016 Al-Shabaab walishambulia kambi ya jeshi la Kenya huko El Adde, Somalia. Nairobi haikutoa idadi ya waliokufa. Mwandishi Yassin Juma alikamatwa siku chache baadaye kwa aliyoyaandika mtandaoni kuhusu shambulio hilo. Rais wa Somalia ndiye aliyetaja kwenye televisheni kwamba askari waliouawa walikaribia 200. Wazazi wa Kenya wakasikia habari za wana wao kutoka kwa rais wa nchi nyingine.

Januari 2025, waasi wa M23 walipokuwa wakielekea Goma, waziri wa sheria wa Kongo, Constant Mutamba, alionya kwamba waandishi watakaosambaza habari za shughuli za waasi wanaweza kukabiliwa na adhabu ya kifo. Al Jazeera ilinyang'anywa vibali baada ya kumhoji kiongozi wa M23. Mwisho wa mwezi Goma ikatekwa, na kituo cha taifa mjini humo kikaangukia mikononi mwa waliokuwa hawaruhusiwi kutajwa. Desemba 2025 vita vikafika Uvira, kwenye kichwa cha Ziwa Tanganyika, ziwa letu.

Wakubwa wa dunia hawana cha kutufundisha hapa. Urusi ilipoivamia Ukraine 2022 ilitunga sheria ya kifungo cha hadi miaka 15 kwa habari ambazo dola itasema ni za uongo kuhusu jeshi. Umoja wa Ulaya nao ukakifungia kituo cha Urusi cha RT. Israel iliifungia Al Jazeera Mei 2024 na kuwazuia waandishi wa nje kuingia Gaza kwa uhuru. Machi 2025 serikali ya Marekani iliizima Sauti ya Amerika, na wasikilizaji wake wa Kiswahili waliokuwa nayo tangu 1962 wakakuta kimya.

Tunachostahili kudai

Kuna hoja nzito ya upande wa pili nayo lazima ijibiwe. Adui naye anasikiliza. Kikosi kiko wapi, kinahama lini, kina silaha gani: hayo hayatangazwi, na hakuna mwandishi mwenye akili timamu atakayedai yatangazwe. Kuna pia maneno ambayo hayastahili mawimbi. Redio RTLM ya Rwanda ilianza 1993, na mwaka uliofuata ikawa chombo cha kuua. Mahakama iliyoketi Arusha, katika ardhi yetu, iliwatia hatiani 2003 Ferdinand Nahimana na wenzake katika kesi ya vyombo vya habari. Mtu anayetaka mauaji ya halaiki yaitwe uhuru wa maoni asome hukumu hiyo.

Lakini siri ya kijeshi ina umri. Mahali kilipo kikosi leo ni siri. Mahali kilipokuwa zaidi ya miaka 45 iliyopita ni historia. Idadi ya waliokufa, gharama iliyolipwa na kosa lililotendwa si silaha ya adui. Ni mali ya waliolipa. Serikali inayomwamini mwananchi kiasi cha kumwomba mtoto wake haiwezi kusema kwamba haimwamini kiasi cha kumweleza ukweli.

Kwanza, tunadai kumbukumbu za Kagera zifunguliwe. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 imeweka miaka 30 kuwa kipimo cha nyaraka kufunguliwa kwa umma, na miaka hiyo imepita zamani. Kanda za RTD zilizobaki zirithishwe kwa taifa zikiwa wazi, zisikilizwe shuleni, pamoja na yale yaliyokatwa. Wapiganaji wa wakati ule ni wazee sasa na hawatatusubiri.

Pili, vituo vyetu viwe na waandishi Kirando, Kasanga na Kigoma, siyo kununua picha za Kongo kutoka mashirika ya mbali. Kiswahili ni lugha ya pande zote mbili za ziwa; hakuna televisheni duniani inayoweza kuwahoji Wakongo wa Moba vizuri kuliko yetu. Na katika maeneo ya mpakani ambako usikivu wa kituo cha taifa ni hafifu, uongezwe, ili wananchi wasitegemee sauti za ng'ambo pekee.

Tatu, mtangazaji anapozuiwa kusema jambo aseme kwamba amezuiwa. Sentensi moja ya kwamba picha hizi zimepatikana chini ya ulinzi wa jeshi, au kwamba idadi ya waliokufa haijatolewa, inamwachia mtazamaji akili yake. Desemba 2017 Watanzania 15 waliokuwa wakilinda amani waliuawa Semuliki, Kongo mashariki, na televisheni zetu zilionyesha majeneza yakiagwa kwa heshima. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa Machi 2018 ulitaja upungufu katika mafunzo na katika mipango ya kuwaongezea nguvu na kuwaokoa askari wa kikosi hicho. Ripoti hiyo ilistahili muda wa hewani sawa na majeneza, kwa sababu ndiyo inayowalinda watakaofuata.

Kijana wa Sumbawanga anayevaa sare leo atapelekwa mahali ambapo mama yake hatapaona isipokuwa kwenye kioo. Mama huyo hadai mengi. Anadai kwamba anachoonyeshwa kiwe kimetokea, na kwamba alichofichwa leo atakuja kuambiwa akiwa hai. Hilo linawezekana, halihitaji mitambo mipya, na halidhoofishi jeshi lolote. Linahitaji mhariri, waziri na mkuu wa majeshi wakubali kwamba ukweli wa vita ni deni kwa wananchi, na deni lazima lilipwe.